Gunia la Utani

Hapana, hapana, lile lango msilisingizie. Mnauliza kama ni kweli lilitaka kumfilisi Editha Kihwele kwa ajili ya magunia ya mahindi ya utani. Ni kweli, lilitaka. Lakini lilikuwa na haki yake, na aliyelijua hilo kuliko wote ni Editha mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa shida.

Ilikuwa Makambako, pale njia panda, barabara ya Songea inapoagana na ya Mbeya. Editha alikuwa na kiwanda cha unga, si kikubwa, watu kumi na wanne basi, lakini shule zote kuanzia Wanging'ombe mpaka Njombe mjini watoto walikuwa wanakunywa uji wake saa nne. Mbele ya ghala lake lilisimama lango. Siyo lango la kufunga na komeo, la. Nguzo mbili na boriti juu, kama goli la mpira lisilo na nyavu. Miaka ile kila mwenye biashara alikuwa nalo. Ukimuuzia mwenzako mzigo huandiki karatasi, hupigi muhuri. Kila gunia limeshonwa kwa uzi wenye akili, uzi unaojua umeshonewa wapi na mkono wa nani. Gunia likipita chini ya boriti, palepale hela inatoka kwa mnunuzi, inajigawa yenyewe njiani: fungu la muuzaji, fungu la serikali, na kifungu kidogo cha barabara. Gunia halijagusa sakafu, kila mtu keshapata chake.

Na watu walilipenda, msifikiri. Zamani ulikuwa unapeleka mzigo mwezi wa tatu unalipwa wa saba, ukiuliza unaambiwa mhasibu kasafiri. Mhasibu gani huyo, kaenda mwezini? Na mwisho wa mwaka ukifika, habari ya kodi, watu wazima wanaumwa matumbo. Lango liliyaondoa yote hayo. Pale kiwandani walilibatiza jina la Katekista, kwa sababu lilikuwa linauliza maswali kwa upole, linangoja jibu, na halijawahi kucheka hata siku moja.

Juu ya boriti kulikuwa na taa. Kijani, mambo yako safi. Njano, una swali hujalijibu. Nyekundu, mh, nyekundu ilikuwa kama upele. Ukinunua kwa mwekundu, na wewe unaanza kujikuna. Kwa hiyo hakuna aliyemgusa mwekundu.

Basi Jumanne asubuhi moja, Editha anafika kazini na chupa yake ya chai, anainua macho, taa ni ya njano.

"Editha Kihwele, habari za asubuhi," Katekista akasema.

"Nzuri. Hiyo taa imeungua?"

"Haijaungua. Nimeongezewa akili ya kutazama nyuma, nikatazama misimu kumi na mmoja. Magunia thelathini na matatu yameshonewa Namtumbo kwa Otmari Gama, yakapanda lori kuja hapa. Hayakupita chini yangu. Hayakulipiwa wala kukatwa kodi. Tena, unga unaotoka hapa umezidi mahindi yanayoingia. Chagua jibu: wizi, uharibifu, au mauzo ya kificho."

Chupa ya chai ilimponyoka Editha.

"Ni utani," akasema. "Otmari ni mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe."

"Neno hilo halimo katika majibu."

"Basi weka zawadi."

"Zawadi kati ya biashara na biashara huombewa kibali kabla. Hakuna kibali." Likangoja kidogo, kisha likaendelea kwa upole wake uleule. "Otmari Gama ameulizwa swali hilihili asubuhi hii. Atakayetangulia kumtaja mwenzake atarudi kijani, na atakayetajwa atakuwa mwekundu. Mkikaa kimya wote, Alhamisi saa sita mchana mtakuwa wekundu wote wawili. Mkaguzi atakuja siku hiyo kuthibitisha."

Lutengano, msimamizi wa mashine, Mnyakyusa mmoja wa maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma na koleo mkononi. "Mtaje, bosi," akasema. "Sasa hivi! Shule hazinunui kwa mwekundu. Mtaje kabla hajakutaja."

"Nimtaje kwa lipi?"

"Sema mwizi. Kwani si ndivyo unavyomwita miaka yote?"

Editha aliinama akaanza kuokota vipande vya chupa, kimoja kimoja, mtu asimwone uso.

Sasa, utani huo niueleze, maana nyie wa siku hizi mnafikiri utani ni kuchekana tu. Wahehe na Wangoni walichapana mikuki zamani mpaka wakachoka. Walipochoka wakakubaliana: tusiuane tena, tutaniane. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna la kufanya. Anaweza kukunyang'anya kitu mkononi, ukalia sana, akaenda nacho. Lakini siku ukifa, ndiye anayeshika jembe la kukuchimbia kaburi.

Kwa hiyo msimu wa kwanza Otmari alipoleta mahindi, yeye mwenyewe juu ya lori na dereva wake, Editha alirukia ngazi ya lori kabla halijafika langoni, akapiga kelele: "Mngoni! Umekanyaga nchi yetu, toa ushuru!" Akaburuta gunia moja. Otmari alilia mpaka wauza maembe barabarani wakaja kutazama. Gunia likasagwa saa hiyohiyo, ugali ukasongwa kwenye sufuria la harusi, akala dereva, wakala wapakuzi, wakala na hao wa maembe. Unga uliobaki uligawiwa, kila mtu kibaba chake. Na Otmari wakati wa kuondoka alinyakua saa ya ukutani ofisini kwa Editha akakimbia nayo. Ile saa mpaka leo iko Namtumbo, na inachelewa. Ikawa ndiyo desturi, kila lori gunia moja, kwa misimu saba. Walikuwa wanaliita gunia la utani.

Saa nne ile Jumanne simu ikalia. Otmari.

"We mwanamke," akasema, "mbona hujafa? Mimi huku nimekwishaagiza sanduku lako."

"Shikamoo, Mzee Gama."

"Usiniamkie, mwizi haamkii. Sikiliza. Hili goli langu huku limenikalia kooni. Eti nikutaje. Nimeliambia, huyo mama kumtaja ni kazi, ana makosa mengi, nianze na lipi?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha sauti ikashuka. "Lakini sijakutaja, Editha. Nakuja mwenyewe Alhamisi na lori. Magoti haya mabovu nitayafunga kamba. Wewe mwambie mkaguzi ukweli. Gunia tulilila. Si tulilila?"

Editha alishika simu kwa mikono miwili.

"Hallo? Mtani? Mmekosa umeme huko?"

"Nakusikia, mzee."

"Basi sema tulilila. Ni ukweli, na ukweli hauna kodi." Akakata.

Hawakulila. Misimu saba walilila, ndiyo. Kisha yakaja malori yanayojiendesha, na Otmari magoti yakaharibika, akawa anatuma lori tu. Lori linakuja lenyewe, linasimama, linafungua mlango, kimya kama kaburi. Mara ya kwanza Editha alisimama pale akapiga kelele zake, "Mngoni, toa ushuru!", akajiona mjinga. Lori halilii. Gunia alilichukua, lakini amsongee nani ugali? Siku hiyo shule zilikuwa zinamsukuma kwa simu. Akamwambia Lutengano, litie tu kwenye mashine pamoja na mengine. Na safari iliyofuata likatiwa tena, na iliyofuata. Misimu minne, malori matatu kila msimu. Magunia kumi na mawili aliyachukua bure, akayasaga, akayauza. Na Otmari hakunyakua kitu miaka yote hiyo, kwa sababu lori halijui kunyang'anya.

Kodi yake yote haikufika hata bei ya mbuzi dume. Hilo ndilo lililomuuma Editha, kwamba angeweza kulipa siku yoyote na hakuwahi hata kufikiria. Kila mwaka alikuwa anasema moyoni, hili ni la utani. Kumbe utani ulikwisha zamani, likabaki gunia.

Jumatano alikwenda mara tatu kusimama chini ya boriti. Mara ya tatu alinyoosha kidole gumba kuelekea nguzo, pale watu wanapotia sahihi.

"Unataka kumtaja Otmari Gama?" Katekista akauliza.

Alifikiria wale watu kumi na wanne. Alifikiria Lutengano na mapacha wake wanaosoma. Akafikiria na yule mzee anayefunga magoti kamba. Njia ya tatu nayo ilikuwepo: kesho aseme tulilila yote, Otmari aape kwa moyo mweupe kabisa, bila kujua kwamba anaapa uongo. Hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko zote, maana ilikuwa rahisi.

"Sitaki," akasema, akarudisha kidole mfukoni.

Alhamisi saa nne mkaguzi alifika. Mama mmoja wa Kipare, mwembamba, mfuko begani, jina lake Namkunda Mfinanga. Alikataa kiti, alikataa soda. "Kwa ninayemkagua sinywi hata maji," akasema, na maji yake akayatoa mfukoni. Sheria ilikuwa inataka binadamu aangalie kwanza kabla taa haijawa nyekundu, na huyu mama alikuwa anaangalia kweli. Alipita kwenye mashine, akachungulia stoo, akahesabu mpaka fagio.

Saa tano na nusu lori la Namtumbo likaingia. Siyo kimya, safari hii. Lilianza kusikika tangu barabarani, maana Otmari alikuwa amekaa juu ya magunia, kofia ya manyoya kichwani na fimbo mkononi, anaimba matusi.

"Wahehe! Fungueni! Babu zenu walikimbia, na nyie mtakimbilia wapi na kiwanda?"

Wafanyakazi wakatoka mbio. Lutengano alicheka akaangusha koleo. Walimshusha mzee kama wanashusha kabati, miguu kwanza.

"Huyu ni nani?" Namkunda akauliza.

"Ndiye aliyeibiwa," Otmari akajibu mwenyewe. "Shikamoo siitaki, nina haraka. Mama mkaguzi, andika: gunia tulilila. Ni desturi. Mtani ananyang'anya, mnakula palepale wote. Muulize huyu."

Macho yote yakamgeukia Editha. Juu taa ya njano inawaka. Saa sita kasorobo.

"Misimu saba tulilila," Editha akasema.

"Umesikia?" Otmari akachapa fimbo chini.

"Bado, mzee. Sijamaliza." Akamgeukia mkaguzi. "Misimu minne ya mwisho hatukulila. Nililisaga nikaliuza. Magunia kumi na mawili. Yeye hakujua. Kama kuna wa kutajwa hapa, Katekista, nitaje mimi."

Lutengano aliangalia viatu vyake, maana ni yeye aliyekuwa akiyatia magunia kwenye mashine.

Otmari alimtazama Editha. "Uliuza," akasema polepole. Bila tusi. Na hiyo ndiyo iliyomchoma, kwa sababu mtani asipokutukana ujue kuna kitu kimekufa ndani yake.

"Niliuza, mtani. Lori lilikuwa linakuja peke yake. Nikasahau kwamba gunia ni la mtu."

Namkunda aligeukia boriti. "Lango. Misimu saba ile ya kwanza, unga uliotoka ulizidi mahindi?"

"Haukuzidi," Katekista akajibu. "Magunia ishirini na moja yalisagwa, lakini unga wake haukuuzwa. Haujulikani ulikokwenda."

"Tumboni!" wakajibu watatu kwa pamoja.

"Tumbo la nani?"

"La kila aliyekuwepo," Lutengano akasema. "Na magunia mawili nilikula mimi peke yangu, andika."

"Na misimu minne?"

"Ulizidi. Kwa magunia kumi na mawili."

Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu kukubali. "Yaani limeniambia kitu kilekile alichoniambia yeye mwenyewe Editha." Akatoa kibao chake akaanza kuandika, na kila mtu alikuwa anasikia saa sita inavyosogea. "Editha Kihwele, utalipa kodi ya kumi na mawili, na faini yake, leo. Na hayo kumi na mawili utayalipia kwa mwenyewe, kama mahindi ya kawaida. Hujamtaja mwenzako, umejitaja. Nyekundu sikupi. Lakini kijani nacho sikupi. Utakaa njano msimu mzima."

"Na shule?"

"Shule zinanunua kwa wa njano kama ana mdhamini wa kijani. Mtu anayeweka rangi yake juu ya yako. Ukikosea tena, mnaanguka wote wawili." Akainua macho. "Unaye?"

Editha alizungusha macho uani. Nani atamdhamini? Mtu mmoja tu alikuwa anaijua biashara yake vizuri, na huyo ndiye aliyemwibia.

Otmari alikuwa amekwishaanza kutembea. Akachechemea kwa fimbo mpaka chini ya boriti, magoti yanalia kama mlango wa zamani. "Mimi wa rangi gani, we goli?"

"Otmari Gama, umeondolewa swali. Umerudi kijani."

"Haya, nishike kidole."

"Mzee Gama, subiri," Editha akasema. "Usifanye hivyo. Mimi nimekuibia kweli."

"Nyamaza! Mwizi hapangi." Na hapo sasa sauti ilikuwa imerudi, ile ya juu ya magunia. "Mtani ndiye atakayekuzika, we Mhehe, sembuse kukudhamini? Nikikuacha ufe njaa, nitamtukana nani? Nitamtukana mke wangu? Ananipiga!" Akabandika gumba kwenye nguzo. "Lakini nina sharti. Nadai. Misimu minne sijanyakua kitu hapa, kwa sababu lile lori ni jinga."

"Chukua unachotaka."

"Siombi ruhusa!" Akaingia ofisini. Wakasikia vitu vinaburutwa. Akatoka na kiti cha Editha, kile kikubwa cha magurudumu, cha ngozi, alichokinunua kwa hela ya shule za kwanza. Akakisukuma uani huku wafanyakazi wanapiga vigelegele, kikapandishwa lori.

"Mzee, kiti changu!"

"Lia! Lia vizuri, sijasikia!"

Na Editha akalia. Kwanza kwa utani, kwa kelele, mikono kichwani, kama inavyotakiwa. Kisha machozi yakaja ya kweli, akacheka nayo hayohayo.

Namkunda alikuwa bado anaandika. "Hiki kiti," akamwambia Editha, "ni chako au cha kampuni?"

"Changu."

"Afadhali." Akaandika mstari mwingine, akausoma kwa sauti ili lango lisikie. "Jibu la nne, la majaribio, kwa lango hili na la Namtumbo: kilichonyang'anywa kwa utani, kikaliwa palepale na pande zote mbili, uzi wake ukakatwa langoni mbele ya macho. Si mauzo. Pande zote mbili lazima ziwe na mtu. Lori halihesabiki."

"Nimepokea," Katekista akasema. "Je, na mimi nihesabu wanaokula?"

"Hesabu," Lutengano akasema, "ila usiulize maswali watu wakitafuna."

Basi Editha akarukia ngazi ya lori. Miaka minne ilikuwa imepita, goti la kushoto likagonga bati, hakujali. "Mngoni! Umekanyaga nchi yetu! Toa ushuru!" Otmari akalia mpaka kofia ikadondoka. Gunia likaburutwa, likasimamishwa chini ya boriti, uzi ukakatwa kwa kisu, Katekista akasema, "Jibu la nne." Lutengano akawasha mashine ndogo. Sufuria la harusi likatolewa stoo, lina buibui, likasuguliwa kwa mchanga. Mama mmoja wa kufunga mifuko alileta maharage aliyoyainjika tangu asubuhi kwa ajili ya wafanyakazi, na Otmari akatoa kwenye koti lake kifurushi cha dagaa wa Nyasa, eti alikuja nao akijua Wahehe hawana mboga. Harufu ikafika barabarani. Wauza maembe wakaanza kusogea.

Ugali ulipoiva wakatandika magunia matupu uani. Wakakaa wafungaji mifuko, wakakaa wapakuzi, Lutengano akakaa karibu na sufuria kama kawaida yake. Otmari akashushwa na watu wawili, akanyoosha miguu mbele. Mkaguzi alikuwa bado amesimama, mfuko begani.

"Kesi imefungwa?" Otmari akamuuliza.

"Imefungwa."

"Basi wewe siyo mkaguzi tena. Ni Mpare mwenye njaa. Na Mpare akikataa cha bure, mvua itanyesha mwezi wa nane. Utatuharibia mavuno."

Namkunda alitazama taa ya njano, akatazama dagaa. Akavua viatu. "Sogea," akamwambia Lutengano.

Akabaki Editha, mwiko mkononi, anazunguka kutafuta kiti kwa mazoea tu. Kiti kilikuwa juu ya lori, kinameremeta juani.

"Kaa chini, mwizi," Otmari akasema, akapigapiga gunia pembeni yake. "Ugali unapoa."

Akakaa. Mikono ikanawishwa, na wote wakamega.